Nilimbadilishia Mama Sarafu, Baba Hakuja

Nina miaka thelathini na minne, nimeachika mara moja, sina mtoto, na nina mdomo. Hilo la mdomo nalisema mapema msije mkaambiwa na majirani! Nauza maji kwenye kibanda hapa Iftin, mjini Garissa, na yeyote aliyewahi kuleta jerikeni pale atawaambia kuwa Rukia hajui kunyamaza. Siku moja tu maishani mwangu nilitakiwa kuufungua mdomo huu... nikaufumba. Nawaandikia ndugu wasomaji kwa sababu mtaani sina tena wa kumwambia.

Mambo yenyewe yalianza na sarafu. Msicheke.

Maji ya jerikeni huuzwa shilingi tano. Kwa tano mtu hatoi simu kukulipa, anapekua mfukoni. Na akipekua anakutolea nini? Anakutolea zile ambazo maduka yote yamemkatalia! Nimepokea sarafu zilizopindwa, zilizotobolewa, zilizosagwa na matairi ya lori hadi simba akawa na uso mpana kama sahani. Nimepokea moja nyeusi tititi iliyonusurika moto wa vibanda vya soko. Nimepokea nyingine yenye alama za meno. Jamani, nani aliyeketi akaitafuna shilingi kumi?

Mwanzoni nilikuwa nikigombana na wateja. Baadaye nikaanza kuzipenda. Nilikuwa nimeachika mwaka ule, nimerudi kwa mama na sanduku moja, na sijui... ile mikunjo na yale matundu yalinituliza. Nikazitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga chini ya meza. Kibanda si changu, kwa hiyo kila nilipochukua sarafu mbovu nilitia nzima ya thamani ile ile kutoka mfukoni mwangu. Tano kwa tano, kumi kwa kumi, ishirini kwa ishirini. Hakuna aliyepunjwa hata senti! Nilijivunia sheria yangu hiyo, nikaona mimi ni mtu wa haki.

Mama hakuupenda mkebe ule. Tulimwita hooyo, kama Wasomali wote wanavyowaita mama zao. Alikuwa akisikia nikizichezesha ananiambia, "Rukia, unaokota maiti za pesa. Zitakuletea nuksi." Namjibu kuwa nuksi ilishaniletea talaka, itaniletea nini kingine? Anacheka mpaka anakohoa.

Sasa niwaambie kuhusu baba, ndiyo mtaelewa.

Baba yangu ni mfugaji wa ngamia upande wa Bura. Ni mtu mrefu, mkavu, asiyependa mji. Akija Garissa haendi kwa mtu kabla hajapita kibandani kwangu. Namchotea maji ya kwanza kwa mkono wangu, anakunywa amechuchumaa, kisha anasema, "Mungu akuweke, aabo." Kwetu mzazi humrudishia mtoto jina lile lile. Mimi namwita aabo, yaani baba, naye ananiita aabo. Hilo ndilo neno tamu kuliko yote niliyowahi kuitwa, kwa sababu mume wangu hakuwahi kuniita lolote zaidi ya "wewe".

Mwaka mmoja kabla ya mkasa huu baba alifanyiwa ushenzi. Alipigiwa simu na mtu aliyejifanya daktari, akaambiwa mkewe yuko mahututi mjini, aje haraka. Mzee wa watu akaacha kila kitu! Akafika nyumbani hana viatu vizuri, anatweta, akamkuta hooyo anapika anjera na kuimba. Aliporudi Bura, ngamia sita walikuwa wamekwenda na wasiojulikana. Ile simu akaitupa kisimani. Kisima chenyewe kikavu! Tangu hapo akaapa hatapokea tena habari ya mdomo kutoka kwa mtu yeyote.

Kisha miezi michache baadaye, wakagombana na hooyo. Macho ya mama yalikuwa yamepata ukungu, karibu haoni. Baba alitaka warudi wote malishoni, amtunze yeye mwenyewe. Hooyo akakataa. Maneno yakazidi maneno, na mama, ambaye mdomo huu nilirithi kwake, akamwambia mbele yangu, "Nenda kwa ngamia wako, hao ndio wake zako. Mimi nihesabu nimekufa." Baba akachukua fimbo yake, akatoka. Hakugeuka nyuma.

Alipoondoka, hooyo alikaa mlangoni siku nzima. Mikononi alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake, anakivingirisha kifundo kilichofungwa pale. Nilidhani ana mawazo tu.

Ijumaa moja asubuhi nikaufua ule mtandio. Kifundo kilinitoa jasho, nikakifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na shilingi ishirini... Ya Rabi, sarafu gani ile! Mnaijua ishirini, ina duara la ndani na pete ya nje, na ndovu katikati. Sasa hii, mtu alikuwa ameling'oa lile duara la ndani akalirudisha kwa nyundo kichwa chini. Maandishi ya pembeni yamekaa sawa, ndovu yuko miguu juu!

Katika mkebe wangu wote sikuwa na kitu kama hicho. Moyo ulinidunda kama wa mwizi. Nami, niseme ukweli, nilikuwa mwizi.

Nikajitetea upesi. Mama haoni, kuna mwenye duka amemsukumia pesa mbovu naye akaihifadhi kwa ujinga. Siku akiitoa atakataliwa, ataaibika. Basi nikachukua ishirini nzima inayong'aa, nikaifunga pale pale, fundo lile lile. Ishirini kwa ishirini! Mtandio ulipokauka hooyo alikitafuta kifundo kwa vidole, akakipata, akatulia. Nikaona nimetenda wema. Jioni hiyo nilikuwa na furaha kama mtoto aliyepewa halua.

Je, kuuliza kungenigharimu nini? Neno moja tu, "Hooyo, hii ni ya nini?" Mimi ambaye humuuliza mteja jina la punda wake!

Miezi minne ikapita. Mama akaanza kukonda, kisha kuvimba miguu, kisha chakula kikamshinda. Hospitalini tulikaa wiki mbili. Mwishowe daktari akaniita kando, akaniambia kwa upole nimrudishe nyumbani, akae na watu wake. Mnajua maana yake mkiambiwa hivyo.

Alijua na yeye. Siku ya pili nyumbani akaniambia nikae karibu. Akasema hana deni la mtu, hana uadui na jirani, ila kuna jambo moja linamkaba koo kuliko ugonjwa. Anataka radhi ya mumewe. "Nilimwambia maneno, Rukia," akasema. "Mke hafi na maneno kama yale. Nataka aje aniambie kwa mdomo wake amenisamehe, nami nimwambie nimemsamehe. Basi. Halafu Mungu achukue chake."

Kisha akafungua kile kifundo... polepole, vidole vimevimba na kufa ganzi. Akaitoa sarafu, akaizungushia kitambaa kidogo, akaniwekea kiganjani. Akasema nimpe Dekow. Dekow ni dereva wa pikapu inayoleta maziwa ya ngamia kutoka Bura, anamjua baba vizuri. "Ampe aabo yako. Akiiona atakuja. Dekow asiseme mengi, maneno hata wezi wanayo."

Ndugu zangu, nilikifumba kiganja upesi. Niliijua sarafu iliyo ndani ya kile kitambaa. Nilikuwa nimeiweka mimi! Na ile nyingine ilikuwa ndani ya mkebe, kibandani, mwendo wa dakika tano. Kitu kilininong'oneza, Rukia, ibadilishe, pita kibandani uibadilishe. Lakini nikaanza kujibishana nacho. Labda anamtumia sadaka tu, nikajiambia. Labda ni mambo ya wazee. Ishirini ni ishirini! Na nikienda kuutoa ule mkebe mbele ya Dekow, atauliza, itajulikana nilimwibia mama kipofu. Aibu ilinishinda nguvu. Nikampa Dekow kitambaa vile vile kilivyokuwa.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, pikapu ikasimama mbele ya kibanda. Dekow akateremka peke yake. Uso wake haukunipendeza.

"Abaayo," akaniambia, maana hivyo ndivyo kwetu mtu humwita dada yeyote, hata asiyemjua, "baba yako yuko sawa kichwani?"

Alimkuta anawanywesha ngamia. Akampa kitambaa. Mzee akakifungua, akaiangalia sarafu upande huu, akaiangalia upande ule, akaisugua na kidole gumba. Akauliza imetoka kwa nani. Dekow akasema imetoka kwa mkeo, anaumwa sana, anakuita. Baba akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akasema, "Ndovu huyu amesimama."

Dekow hakuelewa. Akaapa kwa Mungu kuwa mama anaumwa. Baba akamjibu kuwa anamwamini yeye Dekow, ila Dekow naye kadanganywa. Wezi wa safari ile wamerudi, akasema, na sasa wamesikia kuna sarafu, ila hawajui ni sarafu ipi. "Waambie waliokutuma, safari hii sitoki." Kabla Dekow hajamaliza kupakia mitungi ya maziwa, mzee alikuwa ameshawakusanya ngamia wake, anaondoka nao mbali na barabara.

Ndovu huyu amesimama... Hapo ndipo nilipoelewa yote, bila kuambiwa na mtu. Ile ilikuwa alama yao wawili! Baba mwenyewe ndiye aliyemgeuza ndovu kwa nyundo, baada ya kuibiwa, ili habari ya kweli ijulikane na ya uongo ijulikane. Hakuna aliyeambiwa, hata mimi, kwa sababu siri ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Na mimi kwa haki yangu ya ishirini kwa ishirini nilikuwa nimemtumia ujumbe wa wezi! Afadhali ningemtumia mkono mtupu.

Niliumwaga mkebe pale pale juu ya meza, wateja wananishangaa. Nikampata ndovu wa miguu juu, nikambana Dekow arudi Bura saa ile ile. Akanionyesha mitungi. Maziwa hayangoji, akasema, yataganda. Akaahidi kwenda na sarafu asubuhi. Nilimtukana, masikini, yeye asiye na kosa. Nikamtukana na punda wa jirani aliyekuwa njiani.

Nikarudi nyumbani. Hooyo alikuwa amesikia mlio wa pikapu. "Amekuja?"

Nikamwambia Dekow amempata.

"Alisemaje?"

Ningeweza kusema maneno matano tu. Ni mimi, hooyo, nilibadilisha sarafu. Maneno matano! Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Kesho Dekow ataipeleka ile halisi, baba atakuja, watasameheana, na hakuna atakayejua nilichofanya. Kwa nini nijivue nguo bure? Basi nikamwambia kile alichosema baba, nikaacha sababu. Nikasema, "Alisema hatoki."

Mama alivuta shuka hadi kidevuni. Kisha akageuza uso ukutani akasema, "Basi hajanisamehe."

Na mimi, Rukia mwenye mdomo... nilikuwa nimeketi pale pale.

Kesho yake Dekow akaenda. Alikuta zizi tupu. Akauliza wachungaji, wakamwonyesha nyayo zinazoelekea porini kusiko na barabara. Akaacha habari kwa kila aliyekutana naye, akanirudishia sarafu. Kwa nini sikwenda mwenyewe, kumfuata baba kwa miguu? Mama hakuweza kuachwa, hiyo ni kweli. Lakini jirani angekaa naye. Niliogopa tu, naona, kumkuta baba na kuulizwa.

Siku ile gari lolote lililopita hooyo aliuliza, "Ni yeye?" Lori la mchanga, ni yeye? Pikipiki, ni yeye? Siku iliyofuata akaacha kuuliza. Hilo ndilo lililonivunja, kule kuacha kuuliza.

Asubuhi ya siku ya nne nikasema liwe liwalo. Nikaosha uso, nikaketi kitandani kwake, nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu kufua, kuhusu kifundo, kuhusu mkebe. Nikamwambia hooyo, aabo hakukataa kuja, alidhani ni wezi, mimi ndiye mwizi mwenyewe. Nililia nikimbusu mikono. Nilisema haraka haraka kama mtu anayefukuzwa. Jirani yetu, aliyekuwa upande wa pili akimsomea Yasini, akaacha kusoma. Akanitazama kwa huruma. "Abaayo," akasema, "unamwambia nani?"

Tulimzika kabla ya adhuhuri.

Baba alifika siku ya kumi na mbili. Alizisikia habari za msiba kisimani, kutoka kwa mchungaji asiyemjua, na hazikuwa na haja ya alama tena. Aliingia na vumbi lake hadi kwenye nyusi. Akaketi kwenye mkeka, akachomoa ile ishirini safi, akaiweka mbele yangu. "Aabo," akaniuliza, "nani aliyenitumia hii?"

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuniita hivyo.

Nikauleta mkebe, nikaumwaga mkekani. Mkono wake ukatembea juu ya zile sarafu mbovu, ukaacha nyeusi, ukaacha iliyotobolewa, ukampata ndovu wake. Alimjua kwa kidole kabla ya jicho. Akauliza kama mama alikufa anajua kwa nini hakuja. Hapo angalau sikusema uongo. Nikamwambia mama alisema, basi hajanisamehe.

Baba akafunika uso kwa kiganja. Akasema ndani ya kile kiganja, "Nilimsamehe siku ile ile. Sikuwa nimefika hata kwenye gari."

Hakunipiga. Laiti angenipiga! Hakunilaani pia. Aliomba mtandio wa mama, akaifunga sarafu yake kwenye ncha, fundo gumu, akaitia ile safi mfukoni, akaondoka.

Zile nyingine nimejaribu kuziondoa. Nawapa watu kwenye chenji, wanazirudisha. Ile nyeusi nilimpa mwenye mkokoteni Jumatatu, Alhamisi ikanijia tena kutoka kwa mtu mwingine kabisa! Siziweki mkebeni sasa. Nazitazama tu zikipita, na kila moja najiuliza, wewe ulikuwa ya nani, na ulikuwa unasema nini?

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaoishi na wazazi wazee, nawaomba kwa jina la Mungu. Ukikuta kitu kibovu ndani ya kifundo cha mama yako, kiache. Usikitengeneze, usikibadilishe, usimwonee huruma usiyoombwa. Uliza! Na ukishakosea, sema siku ile ile. Wazee walisema mficha uchi hazai, nami nilidhani ni methali ya waja wazito. Mimi nilificha siku tatu tu. Nilingoja mambo yajitengeneze ili nisiwe na haja ya kusema, na kitu kilichokuwa na maneno matano sasa hakina mwisho.

Baba bado anakuja mjini mara moja moja. Bado anapita kibandani kwangu, na majirani husema, unaona, damu nzito kuliko maji, amekusamehe. Hawamwoni ninavyomwona. Mara ya kwanza baada ya msiba nilikimbia kumchotea maji kwa mkono wangu. Hakuyapokea. Alisukuma jerikeni lake mbele kama mteja yeyote, akaweka juu ya meza ile ishirini inayong'aa, ile yangu.

"Abaayo," akasema, "nijazie."

Nikamwambia aabo, tangu lini ukanilipa? Akatazama barabarani. Nikajaza. Akabaki amesimama, na sikuelewa anangoja nini, mpaka nilipoelewa. Nikampa kumi na tano zake za chenji. Akazipokea, akazigeuza moja moja kiganjani, upande huu na upande ule, akahakikisha ni nzima, kisha akabeba maji yake akaenda.